Mfumo Ukigoma Msimu wa Korosho, Nani Anajua Kwamba Tumekwama?

SWALI: Kaka mtaalamu, salaam kutoka Newala. Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Msimu uliopita mtandao ulikata siku mbili. Wakulima wamepanga foleni na magunia, mizani ya kidijitali inapima lakini taarifa haziendi, na ghala kuu hawapokei mzigo ambao hauko kwenye mfumo. Nilipiga simu kila mahali, na kila niliyempigia aliniambia tatizo si la kwake. Nimesikia redioni kwamba serikali inalinda “miundombinu muhimu ya TEHAMA”. Je, sisi huku tumo kwenye huo ulinzi? Inaamuliwaje kipi ni muhimu na kipi si muhimu? Na mimi niliye chini kabisa nifanye nini mfumo ukigoma tena?

JIBU: Dada Katibu, salaam zimefika. Naanza na neno ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba kila uliyempigia alisema tatizo si la kwake. Ninavyolisoma mimi, swali lako lote liko hapo. Na usishangae nikikwambia huenda wote walisema kweli. Mwenye mnara alitazama kompyuta yake Dar es Salaam akaona mnara wa Newala unawaka. Mwenye programu alitazama seva akaona inapumua. Wa ghala kuu ana mwongozo unaomkataza kupokea gunia lisilo na namba. Kila mmoja kakagua kipande chake kakikuta kizima, huku magunia yako yako nje na wingu linatanda upande wa Kitangari.

Nimefanya kazi ya mitandao huku kusini miaka mingi, kwanza nikipanda minara, baadaye nikikalia vikao (kupanda minara kulikuwa na usalama zaidi). Vitu nilivyowahi kuvikuta vimekufa kabisa ni vichache. Vingi nilivikuta vizima ila vimeachana, hiki hakisikii kile. Kwa hiyo mtu akiniambia serikali inalinda mitambo, mimi huuliza nani analinda maungio.

Tuje kwenye hilo neno “muhimu”. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaitaja miundombinu muhimu ya taarifa. Wenzetu wengine wamekwenda mbele wakaorodhesha na sekta: Singapore ina 11 kwa sheria yake ya 2018, Marekani inahesabu 16, Ghana ilitaja 13. Ukizisoma orodha hizo zinafanana kama mayai. Umeme, maji, benki, mawasiliano, afya, usafiri, huduma za serikali. Kuandika orodha ya namna hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Shida inaanza mchana, pale unapotakiwa kusema ndani ya “benki” au ndani ya “kilimo” ni kitu gani hasa kikizima mtu anaumia, na anaumia baada ya muda gani.

Watu wa fani hii huuliza maswali mawili kwa kila huduma. Ikizima, watu watavumilia muda gani kabla hawajadhurika? Na ikirudi, tuko tayari ipoteze kumbukumbu za muda gani? Tovuti ya halmashauri ikizima Jumatatu, pengine atakayejua ni aliyeitengeneza. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni habari nyingine. Mei 2021 mfumo ule ulisumbua kwa siku kadhaa nchini, na watu wenye hela mkononi walilala gizani kwa kukosa tarakimu 20. Hospitali ikikosa mfumo wa kusajili wagonjwa, daktari anaweza kurudi kwenye karatasi kwa saa kadhaa, mradi karatasi zipo na kuna muuguzi anayekumbuka zinajazwaje. Mashine ya maabara ikigoma, saa zile zile ni nyingi mno.

Korosho haiko kwenye mifano ya vitabuni, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa makao makuu. Mwezi Julai mfumo wako ungeweza kuzima wiki nzima na hakuna ambaye angenyanyua simu. Kuanzia Oktoba hadi Januari, siku mbili ni balaa. Umuhimu wa mfumo wako una kalenda. Mtu akifanya tathmini Julai, akiwa ofisini Dodoma, ataandika kwamba mfumo wa kupokelea korosho ni wa daraja la chini, na kwa siku hiyo hajakosea. Kosa ni kuiacha karatasi hiyo itumike Novemba.

Na madhara yenyewe hayaonekani kwenye seva. Yanaonekana jioni kwenye uchochoro, kangomba, mlanguzi anayenunua korosho nje ya utaratibu, anapopita na bakuli lake. Wewe unamjua. Yeye hahitaji mtandao, hahitaji kishikwambi wala namba ya ghala, ana noti mfukoni. Mama mwenye mtoto wa sekondari anayedaiwa, aliyekaa na gunia lake nje ya ofisi yako siku mbili, siku ya tatu asubuhi utakuta gunia limepungua. Atauza bakuli tatu kwa bei ya kutupa apate nauli na hela ya chakula. Korosho zile haziingii mnadani, haziingii kwenye kumbukumbu za chama, na ripoti ya tukio itakayoandikwa mjini itasema: “Huduma ilikatika kwa saa 47, hakuna data iliyopotea.” Ndiyo, data haikupotea. Iliyopotea ni bei.

Linganisha na mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo. Hapo hakuna anayebisha kwamba ni miundombinu muhimu. Kuna uzio, kuna walinzi, kuna watu wanaokesha wakitazama vipimo. Mfumo wako hauna uzio wa kuzungushiwa kwa sababu haukai mahali pamoja.

Chukua kalamu tuifuate kilo moja ya korosho. Mkulima anaimwaga kwenye mizani. Mizani ina betri, na betri inachajiwa kwa umeme au sola ya ofisini kwako. Uzito unaingia kwenye kishikwambi, nacho kinataka laini yenye bando. Laini inazungumza na mnara. Mnara una umeme wa TANESCO, una betri zake, na pengine una jenereta yenye dizeli, kama haijanyonywa usiku. Kutoka hapo taarifa zinarushwa hewani hadi mnara mwingine, zikifika barabara kuu zinaingia kwenye faiba, ambayo inaweza kuwa Mkongo wa Taifa unaoendeshwa na TTCL au ya kampuni ya simu yenyewe. Zinafika kwenye seva. Mzigo ukipokelewa ghalani unaingia mnadani kwenye mfumo wa TMX, soko la bidhaa la Tanzania, ambao korosho zetu zilianza kuuzwa humo msimu wa 2024/25. Mnunuzi analipa kwa benki, benki zinamalizana kwa mifumo ya Benki Kuu, chama kikuu cha ushirika kinachambua makato, fedha zinatua kwenye akaunti ya mkulima, naye anazifuata kwa wakala pale sokoni. Na wakala awe na pesa taslimu.

Hesabu mwenyewe, utapata maungio zaidi ya kumi. Sasa angalia wenye maungio hayo ni nani. Ushirika wenu uko chini ya Kilimo, umeme uko Nishati, faiba iko Mawasiliano, benki ziko Fedha. Wizara nne kwa kilo moja ya korosho. Kila wizara inaweza kuwa na orodha nzuri ya hatari za upande wake na bado kilo ile isifike. Kazi ambayo serikali pekee inaweza kuifanya, na ambayo kampuni yoyote haitaifanya kwa hiari, ni kuchora mnyororo huu kutoka chini kwenda juu na kuuliza katika kila ungio: likikatika hili, nani anaambiwa kwanza?

Mei 2024 tulipewa darasa la bure. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani yetu, na mvua za siku zile zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Kilwa, Somanga ikiwemo. Mabasi yalilala njiani. Siku nane baadaye, Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zikakatika huko karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota kuanzia kwetu na Kenya hadi Malawi na Msumbiji. Ubalozi wa Marekani pale Dar es Salaam ulifunga huduma kwa umma siku mbili. Meli ya kuunga nyaya, Léon Thévenin, ilibidi itoke Cape Town. Na upande wa kaskazini njia tayari ilikuwa na jeraha, maana Februari mwaka huo nyaya kadhaa za Bahari ya Shamu, ya Seacom ikiwa mojawapo, zilikatika, na inaaminika zilikokotwa na nanga ya meli Rubymar baada ya kupigwa kombora. Duniani nyaya za baharini hupata hitilafu kama 150 hadi 200 kwa mwaka, na nyingi ni kazi ya nyavu za uvuvi na nanga, wala si majasusi.

Kabla ya Mei ile, ungemuuliza mtu yeyote ungeambiwa tuna njia mbadala. Na zilikuwepo kweli. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia “tuna njia mbili” mimi namwomba anionyeshe zinapita wapi, kwa kidole, kwenye ramani. Huku kusini tuna milango miwili ya nchi kavu: ule wa pwani, Lindi hadi Kilwa na Rufiji, na ule wa Masasi, Tunduru hadi Songea. Faiba mbili zilizolazwa kwenye kingo mbili za barabara moja, zikivuka kalvati moja, mvua inazihesabu kuwa moja. Greda la mkandarasi pia.

Kuna jambo la Mei ile ambalo watu wengi hawakulielewa, na hata mimi nilichelewa kulikubali. Waya ukatike Afrika Kusini, kwa nini ofisi ya Mtwara ishindwe kuzungumza na seva iliyoko Dar es Salaam? Kwenye ramani taarifa hazihitaji kuvuka bahari. Tuna hata kituo cha Dar es Salaam ambako watoa huduma hubadilishana mizigo ya ndani bila kuitoa nje. Lakini programu za siku hizi zimeshonwa kwa viraka. Programu ni ya hapa, seva ni ya hapa, ila kipande cha kuhakiki neno la siri kiko Ulaya, na cha kutuma ujumbe wa uthibitisho kiko kwingine. Waya ukikatika, mlango wako mwenyewe unagoma kukufungulia kwa sababu funguo ziko kwa jirani aliyesafiri. Serikali inaponunua mfumo, swali la “kila kiraka kinakaa wapi” lilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa mkataba. Mara nyingi nimelikuta halimo kabisa.

Nikupe kitu nilichokiona kwa macho. Kuna ofisi moja ya kusini, sitaitaja, iliniita kwa sababu mfumo wao wa kumbukumbu ulikuwa umelala. Nikauliza bakapu, yaani nakala rudufu, iko wapi. Kijana akanipeleka kwa kujiamini kabisa chumba cha seva, akafunua kitambaa cha kufuma, kile cha maua tunachofunikia redio nyumbani, na chini yake kulikuwa na diski ya nje iliyokaa juu ya seva yenyewe. Bati lilikuwa linavuja. Maji yalipita kwenye kitambaa, yakapita kwenye diski, yakaingia kwenye seva, kwa mpangilio huo. Kwenye fomu ya tathmini ya hatari, kisanduku cha “nakala rudufu ipo?” kilikuwa na tiki ya ndiyo. Na ilikuwepo.

Usidhani huo ni ushamba wa kwetu. Septemba 26, 2025, pale Daejeon, Korea Kusini, betri za lithiamu zilishika moto kwenye kituo cha data cha serikali. Mifumo zaidi ya 600 ikasimama. Hifadhi moja ya nyaraka za kazi za watumishi, terabaiti 858, ikateketea haina nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Mwaka mmoja kabla, Juni 2024, wahalifu walifunga kituo cha data cha serikali ya Indonesia kule Surabaya wakidai dola milioni 8. Taasisi zaidi ya 200 zikaguswa, foleni za uhamiaji zikarefuka viwanja vya ndege, na ikabainika asilimia 98 ya data ya kituo kile haikuwa na nakala. Mmoja moto, mwingine mwizi. Kidonda ni kile kile cha kitambaa cha maua.

Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Ghana. Juni 27, 2017 kirusi kilichoitwa NotPetya kilitoka Ukraine kikasambaa duniani, kikaipiga kampuni ya meli ya Maersk. Kompyuta zake zinazohifadhi orodha ya nani ni nani kwenye mtandao wa kampuni zilifutika zote kwa pamoja, kwa sababu zilikuwa zimepangwa kunakiliana zenyewe kwa zenyewe. Bila orodha ile hakuna cha kufufua. Wakatafuta dunia nzima, wakaipata moja tu nzima: ofisi ya Ghana. Umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika, kompyuta ikawa imezima. Intaneti ya kule ilikuwa ndogo mno kuituma, mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi diski ipokewe mkono kwa mkono Nigeria ndipo ikapanda ndege kwenda London. Kampuni yenyewe ilikadiria hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Sisi wa Mtwara, tuliokaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa tukitukana kila umeme ukikatika, tungepaswa kuiandika hadithi hiyo ukutani. Nakala inayookoa ni ile ambayo haijaunganishwa na chochote.

Sasa, hatari ikishajulikana inafanywaje? Njia ni nne tu popote duniani. Unaiepuka kwa kuacha hicho kitu. Unaipunguza. Unamkabidhi mwingine sehemu yake, kwa bima au kwa mkataba. Au unaibeba ukijua. Njia ya nne si dhambi. Hakuna nchi yenye fedha ya kuweka faiba mbili kila kata. Dhambi ni kuibeba bila mtu kuisaini. Kama imeamuliwa kwamba Newala itavumilia siku mbili bila mfumo katikati ya msimu, basi kuwe na karatasi yenye jina na cheo cha aliyekubali hivyo, na chini yake maelezo ya wakulima wafanyiwe nini siku hizo mbili. Ukipata karatasi hiyo nitumie picha. Sijawahi kuiona.

Umeniuliza kama mmo kwenye ulinzi. Mmo kwa vipande. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ina timu ya kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, TZ-CERT. Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa sheria ya 2019, inasimamia TEHAMA ya taasisi za umma. Benki Kuu inasimamia mifumo ya malipo. Majina, simu na akaunti za wakulima wako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Lakini AMCOS ni chama cha wanachama, si taasisi ya umma, kwa hiyo unapoita, kila mlango unakuuliza kwanza wewe ni wa nani. Katika ulinzi huo wewe ni ungio.

Mlango ninaokushauri uugonge ni mwingine kabisa, na watu wa TEHAMA huwa hawaufikirii. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 ina kamati kuanzia taifa hadi kijiji, na Mkuu wako wa Wilaya anazijua vizuri kwa habari za mafuriko na njaa. Hizo kamati zina kitu ambacho wizara nne hazina kwa pamoja: zinakaa meza moja, na zinakaa Newala. Ombeni kukatika kwa mfumo wakati wa msimu kuingizwe kwenye mpango wa maafa wa wilaya, sambamba na kimbunga. Na ombeni zoezi. Jumanne moja ya Agosti, kabla msimu haujafunguliwa, mfumo uzimwe kwa makusudi kwa muda wa saa nne tu, ghala lijulishwe, chama kikuu kijulishwe, halafu watu watazame nani anampigia nani. Zoezi la saa nne litawaonyesha mengi kuliko semina ya siku tatu yenye posho, na naandika hivi nikiwa nimekula posho hizo.

Niongeze moja ambalo wataalamu wenzangu huliruka. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Haikuwa nanga wala mwizi. Kila anayeandika mpango wa kuvumilia kukatika kwa mtandao anapaswa kuweka na hilo kwenye hesabu, kwa sababu mkulima aliyekaa kwenye foleni hatofautishi waya uliokatwa na waya uliozimwa, na Oktoba ndio mwezi wako.

Tufike kwako wewe. Kwanza, laini mbili za kampuni mbili hazitoshi mpaka ujue zinatumia mnara gani. Minara mingi hupangishwa, kampuni tatu zinaning'inia kwenye chuma kimoja na kunywa dizeli ya jenereta moja. Muulize fundi anayekuja kuhudumia mnara, atakwambia bila siri. Kama zote ziko juu ya chuma kimoja, tafuta eneo ambalo laini ya pili inashika mnara mwingine, hata ikiwa ni pale juu karibu na ukingo, na mjue mapema kwamba siku ya kukwama kijana wa bodaboda atapeleka kishikwambi huko kutuma taarifa na kurudi.

Pili, daftari. Najua mlilifurahia lilipoondoka. Lirudishe, lakini liwe la kazi hii tu: kurasa zenye namba, kaboni, nakala mbili, sahihi ya mpimaji na ya mkulima. Taarifa zinapoingizwa kwenye mfumo baadaye, hatari kubwa ni gunia moja kuingia mara mbili au lisiingie kabisa, na hapo ndipo ugomvi wa vijijini unapozaliwa. Watu wawili wakae pamoja, mmoja anasoma, mmoja anaandika, na kila mstari ukishaingia upigwe alama ya kalamu nyekundu na saa. Mtu mmoja peke yake usiku asiruhusiwe, hata akiwa wewe.

Tatu, na hili lifanyike kabla ya Oktoba: kiandikieni chama kikuu na mwendesha ghala mkiuliza, mfumo ukizima zaidi ya saa kadhaa, je, ghala litapokea mzigo kwa hati ya karatasi, na nani ana mamlaka ya kuruhusu? Msikubali jibu la simu. Jibu la simu ndilo lililokulaza macho msimu uliopita.

Nne, maneno ya siri. Ondoa karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Sihitaji kufika ofisini kwako kujua ipo. Halafu tazama akaunti ya karani aliyeondoka mwaka juzi kama bado inafunguka. Mei 2021 bomba kubwa la mafuta la Marekani, Colonial Pipeline, lilisimama siku kadhaa na kampuni ikalipa wahalifu kama dola milioni 4.4, na mlango walioingilia ulikuwa akaunti ambayo haikuwa ikitumika tena lakini hakuna aliyekumbuka kuifunga. Na siku mfumo ukiwa chini, mtaarifu kila karani kwamba atakayepiga simu akisema “natoka makao makuu, nitajie neno la siri niwafungulie” akatiwe simu hapo hapo. Matapeli nao husikia mfumo uko chini, tena mapema kuliko sisi.

La mwisho ni dogo na ndilo nililokusudia tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lile chora safu tano: tarehe na saa mfumo ulipogoma, saa uliporudi, nani alipigiwa na alijibu nini, magunia mangapi yalikuwa kwenye foleni, na mangapi yaliondoka bila kupimwa. Safu ya tano andika hata kwa kukisia, lakini iandike siku hiyo hiyo. Mjini wana saa za seva kuzima, wanazo hadi sekunde. Safu ya tano hawana, na hawawezi kuipata popote isipokuwa kwako. Ukimaliza msimu mmoja nipigie picha kurasa zile, tuzipange pamoja kabla hujakwenda nazo kwa Mkuu wa Wilaya.